Sauti za Uongo katika Redio: Jinsi ya Kuzitafuta na Kuzipunguza

(Hotuba kwa wasikilizaji wa redio wa Cheptiret na jirani zao)

Mtu akiwa na redio ndogo ya FM ya bei rahisi, ya namna ya zamani, akaifungua jioni mahali penye utulivu kati ya Cheptiret na Eldoret, huenda siku moja akasikia jambo la kumshangaza. Anatafuta muziki, na ghafula hutokea sauti ya rubani, yenye mikwaruzo, akisema Kiingereza cha haraka haraka na kuomba ruhusa ya kutua. Kisha sauti hupotea. Wako watakaosema kwamba rubani ameingilia njia ya muziki, na wako watakaosema kwamba redio imeharibika. Wote wamekosea. Rubani alikuwa mahali pake palipowekwa kwa sheria, na redio ilifanya kazi vile vile ilivyoundwa. Ila redio ilisema uongo kidogo juu ya mahali ilipoisikia sauti ile.

Uwanja wa Ndege wa Eldoret ulifunguliwa mwaka 1997, nao hauko mbali na Cheptiret. Marubani na waongozaji wao husemezana kati ya megahezi 118 na 137, lakini vituo vya FM hukaa kati ya megahezi 88 na 108. Basi yawezekanaje sauti ya huko ikasikika huku?

Sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1918 Mmarekani aliyeitwa Edwin Armstrong alibuni namna ya kupokea mawimbi iitwayo supahetarodaini, na hata leo redio nyingi hutumia akili hiyo hiyo. Redio haishughuliki moja kwa moja na wimbi litokalo hewani. Ndani yake imo osileta, yaani kifaa kitoacho wimbi la redio yenyewe. Mawimbi hayo mawili huchanganywa, na redio hushika tofauti iliyo kati yao, ambayo katika redio nyingi za FM za namna hiyo ni megahezi 10.7. Msikilizaji akiweka mshale kwenye 100.1, osileta hutoa 110.8, na tofauti ni 10.7. Vema. Lakini mtu aliye kwenye 121.5, ambayo ndiyo masafa ya ndege iliyo katika hatari, naye yuko mbali na 110.8 kwa 10.7 barabara, ila kwa upande wa pili. Ni kama bawabu aliyeambiwa amruhusu kila mtu asimamaye hatua kumi kutoka mlangoni, asiambiwe kama ni kulia au kushoto. Redio iliyoundwa vizuri ina kichujio mlangoni cha kumfukuza yule wa upande usiotakiwa. Redio rahisi ina kichujio hafifu, au haina kabisa. Sauti ya namna hii huitwa kivuli.

Kwa msikilizaji wa muziki hicho ni kichekesho tu. Kwa mwanaredio wa ridhaa si kichekesho. Huyu ni mtu aliyepewa leseni ya kupokea na kurusha mawimbi kwa ajili ya elimu yake na mapenzi yake, si kwa biashara. Nchini Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya hewani huanza na 5Z4. Kabla ya Uhuru yalianza na VQ4. Kazi yake kubwa ni kusikia sauti hafifu, pengine ya mtu mwenye wati 5 tu aliye maelfu ya maili mbali. Tena wanaredio wa ridhaa wamekubaliana kwamba wakati wa maafa watu wa Kanda ya Kwanza, ambayo Afrika yote imo, wakutane karibu na megahezi 7.110, na dunia nzima ikutane kwenye 14.300. Filimbi ya uongo ikikaa juu ya masafa hayo, mwito wa mtu aliyezungukwa na mafuriko hautasikika.

Iko na hasara ya pili, nayo huonekana mara nyingi zaidi: lawama. Asiyejua sauti inakotoka humlaumu aliye karibu.

BARUA MBILI

Na uchukuliwe mfano wa bwana mmoja wa Cheptiret. Si mtu halisi, lakini mambo yampatayo huwapata wengi. Ana shamba la mahindi, ng'ombe wachache wa maziwa, nyumba yenye umeme wa nguzo na paneli ya sola juu ya bati. Antena yake ni waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Redio yake ni ya zamani, ambayo hushika tofauti ya kilohezi 455.

Bwana huyu husikia vitu vinne visivyompendeza. Kwenye megahezi 14.200, mahali pa wanaredio wa ridhaa peke yao, husikia kituo kikubwa kikisoma habari. Kwenye 14.318 husikia filimbi isiyokoma. Kwenye 7 husikia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Na mchana kutwa, karibu kila mahali anapogeuza mshale, husikia mvumo mzito kama wa nyuki.

Amekwisha andika barua mbili. Ya kwanza ni ya kushtaki kituo kile cha habari kwamba kimevamia masafa ya watu wengine. Ya pili ni ya chifu, kumshtaki jirani yake ambaye ana ua wa seng'enge wenye umeme wa kuzuia ng'ombe. Barua zote mbili yafaa zingoje.

Jambo la kwanza ni kuchomoa antena. Mahali pake pawekwe mzigo bandia, yaani kizuizi kidogo cha omu 50 ambacho hakipokei chochote kutoka hewani. Kila kinachonyamaza kilikuwa kinaingia kwa njia ya antena. Kila kinachoendelea kulia kimezaliwa ndani ya redio, au kimepita kwa waya wa umeme, au kimepenya kwenye sanduku lenyewe. Jaribio hili halichukui dakika moja wala halina gharama ya maana, lakini ndilo linalorukwa na watu wengi. (Antena ichomolewe vile vile kila mawingu ya radi yanapokusanyika, jambo ambalo watu wa Uasin Gishu hawana haja ya kukumbushwa wakati wa masika.)

Katika mfano huu habari, tik-tik na mvumo vyote hunyamaza. Filimbi ya 14.318 haikunyamaza. Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza yuko nyumbani. Ndani ya kompyuta nyingi, na zamani ndani ya televisheni za rangi, kulikuwa na kioo kidogo kitetemacho kwa megahezi 3.579545. Idadi hiyo ikizidishwa mara 4 huwa 14.318. Bwana akizima kompyuta iliyo mezani, filimbi hufa. Kama isingekufa, angeichukua redio nje uani, aitumie kwa betri, mbali na kila kitu. Na kama bado ingelia, angejua kwamba imo tumboni mwa redio. Sauti za namna hiyo wanaredio huziita vindege, na hakuna redio isiyo na kindege hata kimoja. Vingine hujulikana kwa mwendo wake: mtu akisogeza mshale kilohezi 1, sauti ya kweli hubadilika kwa kilohezi 1, lakini kindege kilichozaliwa kwa kuzidishwa kwa wimbi la osileta chaweza kubadilika kwa 2 au zaidi. Kifuniko cha bati kilichokazwa vizuri, na skrubu zote ziwepo, hupunguza vingi. Vinavyobaki huandikwa katika daftari, masafa yake na siku vilipoonekana, ili siku nyingine visimpotezee mtu saa nzima.

KITUO CHA HABARI

Sasa barua ya kwanza. Redio inapowekwa kwenye 14.200, osileta yake hutoa 14.655. Ongeza kilohezi 455 tena, utapata 15.110. Hapo ndipo penye vituo vikubwa vya habari vya masafa mafupi, katika bendi ya mita 19, ambavyo vina haki kamili ya kuwapo. Bwana akigeuza mshale hadi 15.110 atakikuta kituo chake, kikisema maneno yale yale kwa nguvu kubwa zaidi. Hakikuvamia mtu. Barua ile kama ingepelekwa kwa wale wanaredio waliojitolea kulinda masafa yao, wangeisoma, wangefungua redio zao kwenye 14.200, wasisikie kitu, na safari nyingine jina lake lingepungua uzito.

Dawa ya kivuli ni kichujio kinachowekwa kati ya antena na redio, kinachoruhusu bendi moja tu ipite. Chaweza kutengenezwa kwa waya wa shaba uliozungushwa kwenye kibomba cha plastiki na kapasita moja ya kugeuza, na mtu mwenye mkono mtulivu hukimaliza kwa siku moja.

Lakini si kila kituo kisikikacho mahali pasipo pake ni kivuli. Redio ikipokea mawimbi mazito mawili kwa wakati mmoja, sehemu yake ya kwanza huelemewa, na mawimbi yale huzaana. Kituo cha 9.500 na kingine cha 11.700 hujumlishwa ndani ya redio na kuwa 21.200, katikati ya bendi ya wanaredio wa ridhaa. Hali kadhalika kituo cha 7.300 huzidishwa mara mbili, kisha 7.450 hutolewa, hubaki 7.150. Hapo msikilizaji husikia maneno ya watu wawili yamechanganyika, tena usiku zaidi kuliko mchana, kwa sababu usiku ndipo vituo vya bendi hizo za chini hufika kwa nguvu nyingi.

Iko njia nzuri ya kuwanasa. Redio nyingi za wanaredio zina swichi ya kupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia. Mtu akipunguza desibeli 6, sauti ya kweli hushuka daraja moja katika kipimo cha redio. Sauti iliyozaliwa kwa kujumlisha wawili hushuka madaraja mawili. Ile ya namna ya tatu, kama ya 7.150, hushuka madaraja matatu. (Vipimo vya redio nyingi si vya kuaminiwa sana, lakini tofauti ya moja na tatu huonekana hata kwa sikio.) Mwongo huanguka upesi kuliko mkweli. Ndiyo maana swichi hiyo, ambayo wanafunzi hudhani imewekwa ili kuharibu usikivu, mara nyingi husafisha bendi. Na ndiyo maana waya mrefu zaidi na kikuza nguvu cha kununua, ambavyo ndivyo vitu vya kwanza watu kutamani, huweza kuzidisha ugonjwa.

Onyo hilo liwahusu hasa vijana, wakiwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi kilicho jirani, wanaotumia vile vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, ambavyo awali viliundwa kwa ajili ya televisheni. Ni chombo cha ajabu kwa bei yake. Ila huelemewa upesi, na vingi vina kioo cha megahezi 28.8, kwa hiyo huonyesha mstari wa uongo hapo hapo 28.800. Pia huweza kuonyesha mstari katikati kabisa ya picha, na vivuli hafifu vya kituo kikubwa upande wa pili wa mstari huo. Kijana akisogeza katikati ya picha, kituo cha kweli hubaki kwenye namba yake; kivuli hukimbia.

MVUMO WA MCHANA

Mvumo wa nyuki huanza jua linapochomoza na hukoma linapotua. Saa hizo peke yake zimekwisha mtaja mwenye kosa. Paneli ya sola yenyewe ni kimya, lakini kidhibiti cha kuchaji betri hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na nyaya ndefu zitokazo kwenye bati hugeuka kuwa antena ya kurushia. Kazi hiyo hiyo ya kukatakata hufanywa na chaja za simu, balbu za LED na inveta. Mtu huzima swichi kuu ya nyumba, hutenga na sola pia, hutumia redio kwa betri, kisha hurudisha kimoja kimoja huku akisikiliza.

Wazee hawakupata taabu hii. Redio iliyoitwa "Saucepan Special", iliyoanza kuuzwa Northern Rhodesia mwaka 1949, ilikula betri kavu, na katika vijiji vingi ilimofika hapakuwa na waya wa umeme hata mmoja.

Dawa si kuacha umeme. Nyaya mbili za paneli zisokotwe pamoja badala ya kuachwa zikitanuka. Karibu na kidhibiti zizungushwe mara kadhaa katika pete ya feraiti, lile jiwe jeusi la sumaku. Waya wa antena nao upitishwe katika pete za namna hiyo kabla ya kuingia ndani, maana ganda lake la nje hubeba kelele za nyumba hadi kwenye redio. Antena isogezwe mbali na bati kadiri shamba linavyoruhusu. Chaja ya bei ya kutupa ibadilishwe.

TIK, TIK, TIK

Imebaki barua ya chifu. Wapo wanaokumbuka kwamba tangu mwaka 1976 hadi miaka ya 1980 dunia nzima ilisikia mgongano mfupi wa namna hiyo, mara 10 kwa sekunde, uliopewa jina la kigogota. Ulikuwa mtambo wa rada wa Urusi ya Kisovieti. Lakini mgongo wa mara moja kwa sekunde, au wa polepole kidogo kuliko hapo, ni alama ya ua wa umeme. Bwana hakukosea juu ya hilo.

Alikwenda kwa jirani jioni, naye alipokewa vizuri na kupewa mursik.

"Mzee," alisema, "ua wako unaniharibia redio."

"Kijana wangu, ua wangu ukizimwa ng'ombe watakula mahindi yako kwanza," mzee alijibu. "Lakini twende tukauzime, usikie mwenyewe."

Ua ulizimwa. Katika redio ndogo ya mkononi aliyoichukua bwana, tik-tik iliendelea.

Ua wa umeme ulio mzima hautoi kelele nyingi. Kelele hutoka mahali umeme unaporuka: waya uliofungwa kwa kusokotwa tu na kushika kutu, kikombe cha plastiki kilichopasuka, jani linaloligusa seng'enge. Mahali hapo hutafutwa kwa redio ndogo ya masafa ya wastani. Ndani yake mna kijiti cha feraiti, nacho husikia kidogo sana kikielekezwa ncha yake kule sauti inakotoka. Msikilizaji huizungusha mpaka sauti ipungue kabisa, hukumbuka mstari huo, hutembea hatua mia kando, na kuzungusha tena. Mistari miwili inapokatana ndipo mahali penyewe. Karibu na nyaya ndefu mistari hupotoka, hivyo hapo mwisho hufuatwa ukubwa wa sauti tu.

Mistari ya bwana huyu ilikatana penye lango lake mwenyewe, ambapo mfanyakazi wake alikuwa ameunganisha ua mdogo wa ndama kwa msumari. Mzee alicheka sana. Waya ulikatwa, ukaungwa kwa kibano cha skrubu, na barua ya chifu ikawashia jiko.

Kama mistari ingekatana penye nguzo ya umeme, kazi ya bwana ingekoma hapo. Kelele za nguzo hunguruma mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu hugeuka mara 50, na zile zitokanazo na vyuma vilivyolegea huzidi wakati wa kiangazi na kunyamaza mvua inaponyesha. Mtu asiipande nguzo, asiitikise, asiipige kwa nyundo ili asikie kama sauti itabadilika. Huandika namba ya nguzo, saa na hali ya hewa, na kuipelekea Kenya Power. Ikiwa kelele hazikwisha, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo yenye kazi ya kusikiliza mashtaka ya mwingiliano wa mawimbi, na daftari lenye tarehe husaidia kuliko maneno ya hasira.

Ili kujua kama taabu yote imeleta faida, iko mizani iliyo tayari hewani. Kwenye megahezi 14.100 vituo 18 vya nchi mbalimbali hupokezana zamu, kila kimoja kwa sekunde 10, na duru nzima humalizika kwa dakika 3. Kenya imo katika mpango huo kwa jina 5Z4B, Afrika ya Kusini kwa ZS6DN, Israeli kwa 4X6TU. Kila kituo kinapokuwa hewani hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha hupiga milio mirefu minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Kabla ya kushika nyundo na koleo, bwana wa Cheptiret alikuwa akisikia mlio wa kwanza wa Pretoria, na kwa shida. Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, sola ikiendelea kuchaji na ua wa mzee ukiwa umewashwa, alihesabu mitatu.